Mkia wa Barua

12 Februari

Imetambuliwa! Shule ya mwanangu imetambuliwa na serikali, mdogo wangu, kwa herufi kubwa na muhuri wa duara, na mimi mwenyewe nimeugusa muhuri huo kwa kidole hiki hiki kinachoshika kalamu.

Haya, sasa salamu, maana nakujua utalalamika. Hujambo? Wifi hajambo? Lile jino limeng'oka au bado unalilea? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu. Bado anatengeneza redio za watu, na akipiga chafya kuku wa jirani wanatawanyika. Mguu wangu unauma upande wa kanyagio la cherehani, ila leo hauumi. Leo haujapewa ruhusa.

Unalikumbuka lile ghala la magunia nyuma ya stendi? Wale wazazi waliolifagia wakaligawa vyumba kwa mbao, watu wakawa wanacheka, "Shule gani, panya ni wengi kuliko wanafunzi"? Basi mwezi jana amekuja ofisa wa elimu na gari. Amehesabu madirisha, amehesabu vyoo, ameingia darasa la tatu. Akamkuta mwanangu ubaoni, amevaa lile gauni la buluu nililomshonea, kola imesimama kama ya askari. Akamwuliza, "Mwalimu, darasa hili ni lako?" Mwanangu akajibu, "Ni langu, huu mwaka wa tisa." Ofisa akaandika. Wiki mbili baadaye, karatasi hiyo. Shule imetambuliwa, itapata bodi, itapata vitabu, walimu watalipwa na serikali.

Nimewaambia wateja wangu wote. Nimemwambia muuza mkaa. Nimemwambia mtu mmoja pale stendi ambaye alikuwa anauliza tu choo kiko wapi.

Kwa hiyo kwenye bahasha usiandike tena "Fundi". Andika "Mama Mwalimu wa Serikali". Wale wa posta nimeshawaarifu.

Na kuna maneno fulani uliyasema zamani, mbele za watu, kuhusu mtoto huyu. Siyataji. Mimi si mtu wa kuyarudia maneno moyoni. Nimeyaweka tu.

Dada yako,
Mama Mwalimu wa Serikali


27 Februari

Kwa Mama Mwalimu wa Serikali (zamani Fundi),

Shikamoo dada. Naiandika juu kabisa isije ikapotea, kwani kwako salamu nimeikuta aya ya pili, imejificha nyuma ya muhuri.

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama Mama Mwalimu wa Serikali bado anapokea kazi ndogo ndogo, maana ana sketi imembana. Jino lipo. Masjala ipo, mafaili yapo, vumbi lipo. Barua yako niliisoma mara moja, nikacheka mara tatu, halafu nikawashia jiko kama kawaida yangu.

Hongera kwa mpwa wangu. Sasa nisikilize kidogo, na usinune. Umeandika kwamba shule imetambuliwa. Hukuandika kwamba mwalimu ametambuliwa. Kwako hilo ni neno moja. Huku mahakamani ni mashauri mawili tofauti, na mimi ndiye ninayeyafungia kamba.

Mwaka huu peke yake zimefika mezani kwangu shule nne za namna hiyo. Shule inatambuliwa, watu wanapiga vigelegele, bodi mpya inaingia, na jambo la kwanza bodi inalouliza ni: hawa walimu aliwateua nani? Wakijibu "kamati ya wazazi", bodi inasema kamati haikuwa na mamlaka, nafasi zote ziko wazi, tutateua upya. Na kwa bahati ya ajabu, kila mwenyekiti wa bodi huwa ana ndugu aliyesomea ualimu.

Mimi si wakili, mimi ni karani. Lakini karani anajua karatasi gani inamwokoa mtu. Barua ya uteuzi ya mpwa wangu, ile ya miaka tisa iliyopita, halisi siyo nakala, iko wapi?

Mdogo wako,
Karani


20 Machi

Mdomo wako ni wa bundi. Mtu anakuandikia furaha, wewe unamjibu mafaili. Marahaba.

Wifi alete sketi, nitaipanua. Mwambie sketi haimbani, yeye ndiye anayeibana, lakini sema kwa upole. Shemeji yako amepata redio ya mkuu wa stendi. Ameifungua siku ya nne leo na zimebaki skrubu tatu ambazo hajui zilitoka wapi. Amani ya nyumba hii inategemea skrubu hizo.

Sasa hayo uliyoyaita kwa mdomo wako yamekuja. Bodi imekaa mara moja tu na tayari imeandika barua. Walimu sita wa zamani walete barua zao halisi za uteuzi ndani ya siku thelathini. Asiyekuwa nayo atahesabiwa alikuwa "anajitolea". Miaka tisa, mdogo wangu! Mtu amejitolea miaka tisa! Mtoto wangu amefundisha watoto wa muuza mkaa kugawanya kwa namba mbili, na leo wanamwambia alikuwa anapita tu, akaona ubao, akaandika.

Na mwenyekiti wa bodi ana shemeji. Sijui kwa nini nimekutajia.

Mwanangu hajashtuka sana. Unamjua, yeye hana kelele, kelele zote nilizichukua mimi. Amesema, "Mama, sheria iko wazi, mwalimu aliyekuwa ameteuliwa ipasavyo siku ya kutambuliwa shule anabaki kazini. Kinachotakiwa ni barua tu." Akanitazama. Nikaenda jikoni kuangalia maharage.

Umeuliza barua. Barua ipo. Iko ukutani, kwenye fremu ya kioo, juu ya cherehani, kila mteja anaiona. Naifuta vumbi kila asubuhi.

Mvua zimeanza huku.

Dada yako


5 Aprili

Shikamoo dada,

Wifi yako ameusikia upole wako. Amesema sketi ataipeleka kwa fundi mwingine, mwenye adabu. Tumetafuta mji mzima. Fundi mwenye adabu bado hajazaliwa. Itakuja kwa basi.

Umejibu kwamba barua iko ukutani. Sikuuliza inaning'inia wapi. Sasa nauliza kikarani, nawe nijibu moja moja:

Ina jina la mpwa wangu? Ina sahihi ya katibu wa kamati? Ina muhuri? Ina tarehe?

Miaka thelathini nimefanya kazi ya kupokea karatasi za watu. Mtu mwenye karatasi nzima huja nayo ameinyanyua juu. Anayeanza kunieleza habari za mvua huwa namwambia akae kwanza, nimletee maji.

Kaa, dada. Kunywa maji. Halafu niandikie.

Mdogo wako


28 Aprili

Jina lipo.

Hilo ndilo jibu langu la kikarani. Sasa ngoja nikujibu kidada.

Fremu ile ilikuwa ya picha ya harusi yangu. Mwanangu alipoteuliwa niliitoa picha (shemeji yako mpaka leo hajaona kama haipo) nikataka kuweka barua. Barua ikawa ndefu kuliko kioo. Ilizidi upande wa chini, vidole vinne hivi. Mtu mwingine angeikunja. Mimi fundi. Kitu kikizidi, nakata.

Lakini nisingekata muhuri, mdogo wangu, mimi si mjinga. Nilikata kwa sababu yako.

Wewe ulikuja siku ile matokeo yake ya kwanza yalipotoka, naye amefeli, ukakaa sebuleni kwangu mbele ya majirani, ukasema, "Mtoto wa fundi ni fundi. Mpeni cherehani, tusipoteze muda." Watu wakacheka, maana ulisema vizuri, siku zote unasema vizuri. Yeye alikuwa mlangoni amebeba chai yako. Akarudia mtihani, akafaulu, akasoma ualimu, akateuliwa. Nikakuandikia. Ukanijibu kwa mzaha, eti "barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia sukari, nitaamini nikiuona." Basi nikachukua mkasi, nikaukata ule mkia wote, sahihi, muhuri na tarehe, nikautia kwenye bahasha nikakutumia. Uuone. Ukusute. Na hujakanyaga kwangu tangu hapo, kwa hiyo nikajua umekusuta sawasawa.

Sasa majuto ni mjukuu, na mimi hata mjukuu sijapata, nimetanguliziwa majuto.

Walimu sita wamekwenda mahakamani pamoja na wakili wa chama chao. Wale watano wana barua nzima. Unafikiri imesaidia? Wakili wa bodi anasema barua zote zimepikwa juzi, baada ya shule kutambuliwa, wakakaa mezani wakaziandika kwa kalamu moja. Katibu wa kamati amefariki. Daftari la kamati lilikuwa kwenye kabati ghalani, mchwa wamelisoma lote hadi jalada. Hakuna wa kusema barua zile ni za lini. Na ya mwanangu ndiyo mbaya kuliko zote, haina hata sahihi ya kushuku, imekatika mkia kama mjusi.

Yeye hakunigombeza. Alishika fremu, akaitazama, akasema, "Kumbe mama umetumia ule mkasi wa meno." Basi. Ningefurahi angenitukana.

Mdogo wangu, ule mkia uko wapi? Usiniambie jiko. Nakuomba. Niambie uongo mwingine wowote.

Dada yako


30 Juni

Shikamoo dada,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi.

Wazima. Sketi imefika, inapwaya. Wifi yako anasema umemtukana kwa sindano.

Barua zako nawashia jiko, unajua hivyo, nimekuambia miaka yote. Mwambie mpwa wangu na wenzake wasiondoe shauri lao. Hata wakiahidiwa nini, wasiondoe.

Mdogo wako


14 Julai

Miezi miwili nangoja, na nikaja kupata mistari sita na sketi.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaigeuza nyuma nikidhani kuna mwendelezo. Nikamwuliza shemeji yako, "Huyu ndiye tuliyemlea?" Akapiga chafya.

Nikupe habari basi, ufurahi. Bodi imewasimamisha wote sita mpaka shauri liishe. Darasa la tatu wamepewa mtu mwingine. Watoto wanapita hapa saa saba wakitoka shule, wanasimama barazani, wanasema "Shikamoo mwalimu", halafu hawaondoki. Mmoja jana alikuja na daftari lake amelificha ndani ya shati, akaomba asahihishiwe. Mwanangu akalisahihisha hapo hapo juu ya meza ya kukatia nguo, kwa chaki yangu ya kushonea, maana kalamu nyekundu zimebaki ofisini kwao.

Na watoto wakishaondoka, anakaa kwenye cherehani. Anapinda mapazia ya watu. Anapinda vizuri, mstari umenyooka kama rula. Sikumwambia akae, alikaa mwenyewe, akasema, "Bora nisaidie kuliko kukaa bure."

Mtoto wa fundi ni fundi. Haya. Maneno yako yametimia, nimekuletea mwenyewe taarifa.

Sina mzaha leo. Ulimi umeniuma.

Dada yako


2 Agosti

Dada, shikamoo.

Usimfundishe kutengeneza matundu ya vifungo. Akijua hivyo wateja watamng'ang'ania, na shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza atakuwa hana nafasi.

Shauri litasikilizwa tarehe 19 Septemba. Najua kwa sababu makarani tunajuana. Nenda. Vaa lile gauni la heshima, siyo lile la kung'aa. Nenda na fremu, usiitoe barua ndani, usiipanguse, usiiguse. Kaa nyuma. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, dada yangu mpendwa, jaribu kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe kufunga mdomo.

Mkasi uache nyumbani.

Mdogo wako


25 Novemba

Tumeshinda! Wote sita! Na wewe ni mwongo, mwongo mkubwa, mwongo wa kiwango cha mahakama!

Hujambo, wifi hajambo, jino halijambo. Shemeji yako hajambo, zile skrubu tatu zilikuwa za redio nyingine. Nimemaliza salamu.

Najua tangu Septemba sijakuandikia hata mstari. Nilikaa mara nne na karatasi nikakosa la kuandika. Mimi! Mwulize shemeji yako, alidhani naumwa, akanichemshia chai bila kuombwa. Sasa hukumu imetoka juzi Ijumaa na kalamu imefunguka, kwa hiyo utanisikiliza tangu mwanzo, hata kama wewe ndiye uliyeyapika yote.

Siku ile ya Septemba nilivaa gauni la heshima. Nilikaa nyuma. Fremu nimeipakata kama mtoto. Wakili wa bodi ni kijana mrefu, suti yake imeshonwa ovyo mabegani, nilitaka kumwambia ila nikakukumbuka. Akaiomba fremu, akainyanyua watu wote waione. "Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "hii ni barua isiyo na mwisho. Hata barua ya mapenzi huwa na jina chini." Ukumbi ukacheka. Mwanangu akainamisha kichwa. Nikang'ata kitambaa.

Ndipo wakili wa walimu akasimama, mama mmoja mfupi, akasema kuna bahasha imeletwa kutoka mahakama ya mbali, masjala kwa masjala, imefungwa kwa lakiri, anaomba ifunguliwe. Nikafikiri ni shauri la watu wengine. Hakimu akavaa miwani, akakata lakiri, akatoa bahasha nyingine kuukuu. Mdogo wangu, niliijua bahasha ile kabla sijauona mwandiko. Ina alama ya mafuta ya cherehani kwenye pembe.

Akatoa mkia.

Akaagiza fremu ifunguliwe, akaiweka barua mezani, akausogeza mkia chini yake taratibu kwa vidole viwili. Meno kwa meno. Yakaingiana kama zipu. Hakuna mkasi mwingine duniani wenye lile pengo kwenye jino la sita, ninalo mwaka wa ishirini sasa, liliingia nilipokata waya wa shemeji yako. Hakimu akasema, "Nani amekata hivi?" Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasimama nikasema, "Mimi, mheshimiwa, nilikuwa nina hasira." Akasema, "Hasira zako zimenyooka mstari." Hiyo niliikubali kama sifa.

Kisha akaitazama bahasha yenyewe. Muhuri wa posta, mwezi ule ule, miaka tisa nyuma. Akauchukua ule muhuri wa kamati kwenye mkia, akaulinganisha na ule wa kwenye barua za wale watano. Wewe hujui, muhuri wa kamati ulichongwa na fundi viatu kwa soli ya raba, na ulikuwa na ufa upande wa kulia. Ufa ule ule, barua zote sita. Akamwuliza wakili wa bodi, "Hizi zimepikwa juzi, na posta nayo ilipikwa?" Kijana akarekebisha tai.

Hapo ningeondoka nikiwa na furaha ya kunitosha. Lakini hakimu akasema taratibu inataka vilivyomo kwenye bahasha visomwe. Yaani barua yangu! Niliyokuandikia nikiwa nachemka! Karani wao akaisoma kwa sauti kavu kabisa, kama anasoma bei za vitunguu: "Haya, panya wa masjala, muhuri huu hapa, ung'ate." Watu wakaanguka. Hakimu akaficha uso nyuma ya faili. Karani akaendelea: "Unasema mtoto wa fundi ni fundi. Mama yetu alikuwa muuza kuni, mbona wewe huuzi kuni? Mimi niliachishwa darasa la tano ukapewa wewe madaftari yangu, uandike kwenye kurasa zilizobaki. Nilifurahi. Sasa nakuuliza, kurasa za mwanangu amezimaliza nani?"

Hapo hakucheka mtu. Nilikuwa nimeyasahau maneno hayo. Niliona aibu, mdogo wangu, nilitamani sakafu initie mfukoni.

Halafu wakasoma kiapo chako.

Mimi huwa sishiki maneno ya mahakama, lakini hayo nimeomba nakala, nimepewa, naijua kwa moyo. "Mimi, karani, mwenye akili timamu, naapa kwamba nilipokea kipande hiki kwa posta. Kwamba naujua mkasi uliokikata, kwa kuwa uliwahi kupunguza suruali yangu ya harusi bila idhini yangu. Kwamba miaka yote nimemwambia dada yangu kuwa barua zake nawashia jiko, na kauli hiyo si ya kweli. Ninazo zote, mia moja na kumi na nne, kwa mpangilio wa tarehe. Kwamba hii moja nimeiweka peke yake, kwa sababu ndani yake aliniuliza swali, na sikuwa na jibu la kumwandikia, na kwa aibu hiyo sikufika kwake miaka tisa. Jibu ninalo sasa na nalitoa chini ya kiapo: nilikosea. Haya ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu."

Kwa hiyo mtu mpaka umwapishe ndipo aseme samahani! Kwa muhuri na stempu! Mbele ya wakili mwenye mabega mabaya!

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa analia anacheka. Kumbe alijua. Wakili wake alijua. Shemeji yako alijua, mtu ambaye hajui skrubu zake zilipo! Wote mlikubaliana nisiambiwe. Nikamwuliza, "Kwa nini mimi tu?" Akasema, "Mjomba alisema ukijua wewe, soko limejua, na soko likijua, bodi imejua kabla ya saa sita." Nimekasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamweleza muuza mkaa kisa chote, na kabla ya saa sita nikakisikia kinasimuliwa stendi na mtu nisiyemfahamu. Basi nikaikubali hoja yenu.

Ijumaa hakimu akasoma hukumu. Sitaikumbuka yote. Amesema bodi ilipoipokea shule iliipokea pamoja na walimu wake, kama anayenunua nyumba yenye wapangaji halali. Haiwezi kuwaita wapita njia. Ina haki ya kuteua, ndiyo, lakini kwenye nafasi iliyo wazi, na kiti alichokalia mtu hakiko wazi. Warudi kazini, miaka yao yote ihesabiwe. Shemeji wa mwenyekiti amefika shuleni leo asubuhi akaambiwa asubiri nafasi. Nasikia ni kijana mzuri tu, mwanangu amempa kitabu cha hesabu akajisomee.

Leo mwanangu ameingia darasa la tatu. Nilipita nyuma ya ghala, nilikuwa nina safari zangu. Wote walisimama. Hakusema kitu cha maana, alisema tu, "Fungueni ukurasa wa arobaini na mbili." Nikalia kama mjinga kwa ajili ya ukurasa wa arobaini na mbili.

Bodi imempa barua mpya ya uthibitisho. Ndefu kuliko ile! Shemeji yako anaitengenezea fremu, na kabla ya kushika msumeno ameniambia, "Safari hii tunakata mbao." Mkasi ameufungia kwenye kabati la redio. Ile ya zamani mahakama imeturudishia vipande vyote viwili. Mwanangu hataki iunganishwe kwa gundi. Anataka ishonwe. Nami nimemwambia sitaishona mimi, wala yeye. Kuna mtu mmoja alisema hapa sebuleni kwamba aliyefeli apewe cherehani. Aje aishone huyo, nimwone akitunga uzi kwenye tundu la sindano na miwani yake. Mpwa wako ameshakuchagulia rangi ya uzi. Ni nyekundu, ya kusahihishia.

Tunafanya sherehe ndogo shuleni, wazazi wote, walimu wote sita, ofisa wa elimu, hata bodi nimewaalika, waje wale wanyamaze. Kiti chako kiko mstari wa mbele, karibu na mlango wa darasa la tatu. Wifi alale kwangu. Nitampimia sketi nyingine, kwa adabu. Na chai yako atakuletea mwenyewe, huyo huyo aliyesimama mlangoni siku ile. Amesema anadai kukuona ukiinywa.

Usiniletee sababu. Nimemwuliza karani wa hapa, maana makarani mnajuana: siku hiyo masjala zote zimefungwa.

Dada yako,
Mama yake Mwalimu

Ona sasa, nimefunga bahasha na siku yenyewe sijaitaja, nimelazimika kuifungua tena, na sikutumia mkasi, nimechana kwa mkono. Mje wote: Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba, saa nne asubuhi.